Usingoje Kuitwa

Ndugu msomaji, kama una daftari ulilolificha chini ya godoro, na ndani yake kuna mashairi, au hesabu za biashara unayoiota, au mpango wa shule ya chekechea unayotaka kuianzisha mtaani kwenu, makala hii nimekuandikia wewe. Nataka tuitazame pamoja safari ya mwanamke mmoja wa India, mshairi wa lugha ya Kihindi, aliyeitwa Mahadevi Varma.

Alizaliwa tarehe 26 Machi 1907 mjini Farrukhabad, kaskazini mwa India, akafariki tarehe 11 Septemba 1987 mjini Allahabad, ambao siku hizi unaitwa Prayagraj. Wanaofundisha fasihi ya Kihindi humtaja pamoja na Jaishankar Prasad, Nirala na Sumitranandan Pant kuwa nguzo nne za Chhayavaad, harakati ya ushairi iliyong'ara katika miaka ya 1920 na 1930. Nguzo tatu wanaume, ya nne yeye. Zaidi ya ushairi, aliongoza chuo cha wanawake, akahariri jarida, akachora picha, akaandika insha kali za kutetea wanawake, akafundisha watoto wa kijijini chini ya mti.

Sifa zake Wahindi wameshazitoa. Mimi nataka uone namna alivyofanya, maana ndani yake kuna dawa ya ugonjwa unaotumaliza wengi. Ugonjwa huo ni kungoja. Tunangoja tuitwe kwenye usaili, tualikwe jukwaani, mchapishaji apige simu, mkubwa fulani atupigepige mgongoni na kusema sasa tumekomaa. Miaka inakwenda, mvi zinaota, nasi bado tumekaa kwenye benchi la wanaosubiri. Mahadevi hakukaa kwenye benchi hilo. Fuatana nami uone.

Nyumba iliyompenda, mila iliyomfunga

Katika kumbukumbu za utoto wake, Mahadevi aliandika kwamba ukoo wao ulikaa karibu miaka 200 bila binti. Alisikia kuwa zamani watoto wa kike waliuawa mara tu walipozaliwa. Babu yake ndiye aliyemwomba kwa bidii mungu wa kike Durga, na mjukuu huyo alipokuja, alipokewa kama jibu la dua.

Nyumba yenyewe ilijaa lugha. Babu alijua Kiajemi na Kiurdu, baba alikuwa msomi wa Kiingereza, na mama ndiye aliyeingia na Kihindi. Mama huyo alimfundisha bintiye kusoma hadithi za Panchatantra, na sauti yake ilisikika nyumbani akiimba nyimbo za ibada za Mira, mshairi wa kike wa karne ya 16 ambaye Wahindi wanamheshimu kama mtakatifu. Mwalimu wa Kiurdu alipofika, mtoto alijificha chini ya kitanda. Kwa mama hakuhitaji kuburutwa.

Usilipite jambo hilo haraka. Mwanamke ambaye hatajwi sana katika vitabu, akiwa jikoni na katika sala zake, ndiye aliyemkabidhi bintiye lugha ambayo baadaye ingemfikisha India nzima. Wewe mama unayemsomea mwanao kwa Kiswahili kabla hajalala, wewe bibi unayewatolea wajukuu vitendawili umeme ukikatika, usidhani unapoteza muda. Hakuna aliyekuteua, na kazi unaifanya. Endelea!

Lakini nyumba hiyohiyo iliyompokea kwa shangwe ilimwoza akiwa na umri wa miaka tisa hivi. Ndivyo ilivyokuwa desturi, na wazee walifuata desturi. Mapenzi na mila viliishi chini ya paa moja, kama vinavyoishi katika nyumba nyingi hadi leo.

Msichana alifanya nini? Alisoma. Alipelekwa Allahabad katika shule ya wasichana ya Crosthwaite akaingia darasa la tano, akakaa bwenini, akapanda darasa moja baada ya jingine. Ulipofika wakati wa kwenda kuishi kwa mume, alikataa, na hakuishi na mume maisha yake yote. Mwaka 1932 alipata shahada ya uzamili katika Kisanskriti kutoka Chuo Kikuu cha Allahabad. Kisanskriti ndiyo lugha ya vitabu vitakatifu vya Kihindu, na kwa karne nyingi elimu yake ilishikwa na wanaume wa tabaka la juu. Binti aliyeozwa utotoni aliingia katika elimu hiyo akatoka nayo mkononi.

Hapa tuseme ukweli wote. Hakusimama peke yake. Baba yake alimpa nafasi ya kusoma, na shule ilimpa kitanda, chakula na walimu. Wapo mabinti wenye akili kama yake ambao hawakupata hata kimoja kati ya hivyo, na majina yao hatuyajui. Kwa hiyo, wewe baba unayesoma makala hii, una binti darasani. Simama upande wake mapema, kabla hajalazimika kukuomba. Na wewe binti ambaye wengine wamekwisha kukupangia maisha, jua kwamba uamuzi uliofanywa juu yako ukiwa mtoto si mwisho wa habari zako. Shika kitabu, ukishike kwa mikono miwili.

Aliyemfichua rafiki yake

Bwenini Crosthwaite, Mahadevi alikutana na Subhadra Kumari Chauhan, aliyekuwa darasa la saba. Subhadra alikuwa tayari anajulikana shuleni kwa kuandika mashairi. Mahadevi naye alikuwa akiandika, lakini kwa siri. Siku moja Subhadra alimuuliza kama anaandika, mwenzake akakana. Basi dada huyo hakubishana. Alipekua meza na vitabu vya mwenzake, akazitoa karatasi zote zenye mashairi, akazishika kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili akamshika mwandishi mwenyewe, wakazunguka bweni zima huku akitangaza kwamba huyu naye ni mshairi.

Tangu siku hiyo wakawa wawili. Wenzao walipokwenda kucheza, wao walipanda juu ya tawi la mti uwanjani wakatunga pamoja, na walichotunga wakakituma kwenye jarida la wanawake lililoitwa Stri Darpan. Wakati huo Mahadevi alikuwa akitunga kwa Kibraj, lahaja iliyozoeleka kwa karne nyingi katika ushairi wa kaskazini. Subhadra alikuwa akitunga kwa Khari Boli, lugha ya mazungumzo na magazeti ya siku zile, ambayo wengi waliidhania ni kavu mno kwa ushairi. Mahadevi akamfuata. Miaka michache baadaye yeye na wenzake wa Chhayavaad walikuwa wameonyesha kwamba lugha hiyo inaweza kubeba kilio, shauku na ukimya wa usiku, na tangu hapo hakuna aliyeweza kusema tena kwamba Kihindi cha kila siku hakifai kwa ushairi mkubwa.

Subhadra naye aliandika shairi juu ya malkia wa Jhansi ambalo watoto wa shule India wanalijua kwa moyo, akaingia katika harakati za uhuru na kufungwa na serikali ya kikoloni. Wasichana wawili, tawi moja la mti, na lugha ikapata sauti mbili ambazo haikuwa nazo.

Kwa nini nakusimulia hili? Kwa sababu nakuomba umtafute Subhadra wako. Usikae na kazi yako peke yako hadi ikuchachie. Mtafute mtu mmoja anayeandika, anayechora, anayeshona, anayeunda programu za simu, mtu anayefanya kile unachokifanya, mkutane kila wiki, muoneshane. Na kama tayari uko mbele kidogo, basi wewe ndiye Subhadra. Ukimwona mdogo wako anaficha kipaji, usimwache nacho. Mshike mkono, mtangaze. Kuna watu watakaofanya kazi kubwa kwa sababu tu mtu mmoja aliwaona mapema na kuwataja kwa sauti.

Bakuli la fedha

Sasa sikiliza kisa ambacho Mahadevi alikisimulia mwenyewe, na ambacho kwangu mimi ndicho kiini cha maisha yake.

Miaka ile watu wa Allahabad walikuwa wakifanya mikutano ya washairi kwa ajili ya kuikuza lugha ya Kihindi. Wanafunzi walipelekwa kushindana, na mwenyekiti alikuwa mshairi mwenye jina, mara nyingine Hariaudh. Mahadevi alikaa kwa wasiwasi akisikiliza majina yakitajwa, akingoja lake. Mara nyingi aliondoka na zawadi ya kwanza. Safari moja alishinda bakuli la fedha, zuri, lenye nakshi. Subhadra hakuwepo siku hiyo. Alipooneshwa bakuli alifurahi, akamwambia rafiki yake sasa lazima apike wali wa maziwa na sukari amlishe kwa bakuli hilo.

Siku zilezile Gandhi alifika Anand Bhavan, nyumba ya akina Nehru. Wasichana wa bweni walikuwa na desturi ya kujinyima senti kidogo kutoka kwenye pesa zao za matumizi ili wampe akija, kwa ajili ya harakati za uhuru. Mahadevi alikwenda na senti zake, akabeba na bakuli ili amwoneshe. Gandhi akalichukua, akasikia kwamba ni zawadi ya shairi, kisha akauliza: je, unanipa? Msichana akampa.

Kuna jambo moja lililomchoma. Gandhi hakuuliza shairi lenyewe lilikuwa linasema nini. Hakuomba asomewe. Alilichukua bakuli, basi. Mahadevi alirudi bwenini mikono mitupu, akamweleza Subhadra. Rafiki yake akacheka, akamwambia wali wa maziwa bado anautaka, hata kama ni kwa bakuli la shaba. Na Mahadevi akaandika kwamba moyoni alifurahi kuwa zawadi yake ameitoa kwa mtu yule.

Tazama vizuri kilichotokea. Tuzo imeondoka. Mtu mashuhuri kuliko wote nchini amekutana na mshairi na hakuomba kusikia shairi. Wangapi kati yetu wangekata tamaa hapo? Wangapi wangesema, kama hata yeye hakujali, naandika kwa ajili ya nani? Lakini msichana huyo aliendelea kuandika. Mwaka 1930 alitoa kitabu cha kwanza cha mashairi, Nihar. Mwaka 1932 Rashmi, 1934 Neerja, 1936 Sandhyageet. Vitabu vinne katika miaka sita, huku akiwa mwanafunzi kisha mkuu wa chuo.

Ndugu yangu, siku ya bakuli itakufikia nawe. Utashinda kitu na kitachukuliwa. Utapeleka kazi yako kwa mtu unayemheshimu na atatazama karatasi yake ya juu tu. Utaandika barua na haitajibiwa. Siku hiyo kumbuka kwamba bakuli ni la fedha, linaweza kutolewa, kuibwa au kuuzwa, lakini uwezo uliokufanya ulishinde uko ndani yako na hakuna anayeweza kuuchukua. Rudi nyumbani, pika wali, kula na rafiki yako, kisha keti uandike shairi la pili.

Kuvuka mto

Mahadevi alikuwa na sababu nyingi za kubaki ng'ambo yake ya mto. Alikuwa na kazi mjini, na jina lake lilikuwa linakua. Lakini ng'ambo ya pili ya Ganga, pale Jhusi, palikuwa na watoto wasio na shule. Alianza kuvuka kwa mashua kwenda kuwafundisha. Hapakuwa na jengo wala dawati wala barua ya kuteuliwa. Darasa lilikuwa kivuli cha mti.

Katika kitabu chake cha kumbukumbu, Ateet ke Chalchitra, ameandika juu ya mmoja wa wanafunzi hao, Ghisa, mtoto wa mjane fukara. Ghisa ndiye aliyejipa kazi ya kulisafisha eneo la darasa kabla mwalimu hajafika, na ndiye aliyekaa ukingoni kuitazama mashua, kisha akatimua mbio kuwaita wenzake. Mwalimu alipowaambia waje safi, Ghisa alichelewa. Alikuja na shati lililochanika, bado linachuruzika maji, kwa kuwa mama yake hakuwa na pesa ya sabuni mapema, na nguo aliyokuwa nayo ya kuvaa ilikuwa hiyo. Mwalimu alipowagawia jalebi, Ghisa alitenga za mama yake na ya mtoto wa mbwa wake, ndipo akala zake.

Kisha Mahadevi akaugua, ikambidi aende kutibiwa. Siku ya kuagana, Ghisa alikuja amebeba tikitimaji kubwa. Mwalimu akataka kujua limetoka wapi, maana mtoto yule hakuwa na hela. Alikuwa amelipata kwa kumpa mtoto wa mwenye shamba nguo yake. Akamtuliza mwalimu kwamba wakati wa joto havai shati, na lile kuukuu linatosha kwa kwenda na kurudi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri: wahenga walisema, na mtoto wa Jhusi ambaye hakuwahi kuisikia methali hiyo aliitimiza. Mahadevi aliandika kwamba hajui kama kuna mwalimu aliyewahi kupokea ada ya namna ile kutoka kwa mwanafunzi wake.

Aliporudi, Ghisa alikuwa amefariki.

Tungeweza kuishia kwenye huzuni. Mahadevi hakuishia hapo. Alikaa akaandika. Kwa kalamu yake, mtoto ambaye hata kijiji chake hakikumhesabu, leo anasomwa na wanafunzi wa India ambao babu zao hawakuwa wamezaliwa. Hiyo ndiyo nguvu ya mtu anayevuka mto bila kuitwa: anakutana na watu ambao waliobaki ng'ambo hawatawajua kamwe, na akirudi ana kitu cha kusema.

Mto wako ni upi? Huenda ni barabara inayotenganisha mtaa wenu na mtaa wa mabanda. Huenda ni ngazi mbili kati ya ofisi yako na chumba cha walinzi, ambako kuna kijana anayetaka kurudia mtihani wa kidato cha nne na hana wa kumwelekeza hesabu. Uvuke. Nenda na chaki na subira. Hutahitaji wafadhili kwa kuanza na watoto watano.

Kalamu, brashi na kiti cha mkuu

Wapo wanaodhani mshairi ni mtu wa kukaa dirishani akitazama mvua. Mashairi ya Mahadevi kweli yamejaa upweke, utengano, usiku, na taa inayowaka ikijimaliza. Wahakiki wengine walimlaumu kwamba anaukimbia ulimwengu. Ajabu ni kwamba mwanamke huyo anayedaiwa kuukimbia ulimwengu alikuwa akiamka kwenda kuendesha chuo. Aliongoza Prayag Mahila Vidyapith kwa miaka mingi, mahali ambapo wasichana walipata elimu kwa Kihindi.

Katika miaka ya 1930 alihariri Chand, jarida lililosomwa sana kaskazini mwa India, akaandika humo insha juu ya hali ya wanawake. Insha hizo zilikusanywa mwaka 1942 katika kitabu Shrinkhala ki Kadiyan. Aliandika juu ya mke asiye na shilingi yake, juu ya mjane, juu ya mwanamke anayeuza mwili na jamii inayomhukumu huku ikimnunua. Alisema wazi kwamba mwanamke asiyekuwa na uwezo wa kujitegemea kiuchumi, uhuru wake ni wa maneno matupu. Alisema hayo India ikiwa bado koloni.

Mwaka huohuo wa 1942 alitoa Deepshikha, mashairi yaliyoambatana na picha alizozichora mwenyewe. Hakutafuta mchoraji wa kumfasiria. Akashika brashi. Njaa kubwa ilipoipiga Bengal mwaka 1943, alihariri mkusanyiko wa mashairi juu ya maafa hayo, Bang Darshan.

Na usidhani kazi hiyo ilijifanya yenyewe. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Katika Smriti ki Rekhayen, kitabu kilichotoka mwaka 1943, amemwandika Bhaktin, mama wa kijijini asiyejua kusoma aliyekuwa akimtumikia nyumbani. Usiku Mahadevi alipokesha akiandika au akichora, Bhaktin naye hakulala. Alikaa chini pembeni, mara ampe rangi, mara amsogezee wino, mara amtazame tu. Saa hizo za usiku, wakati mji umelala na hakuna wa kupiga makofi, ndizo zilizozaa vitabu. Sisi tunataka makofi ya jukwaani bila zile saa za usiku. Haiwezekani.

Baada ya Deepshikha, mwenye jina kubwa la ushairi aligeukia zaidi nathari. Angeweza kuendelea na kile alichosifiwa. Badala yake akaandika juu ya watumishi, wachuuzi, wajane na watoto, watu ambao fasihi ilikuwa ikiwapita bila salamu. Mwaka 1972, akiwa na miaka 65, alitoa Mera Parivar, kitabu juu ya wanyama alioishi nao: tausi, ng'ombe, na kindi mdogo aliyemwokota akiwa amedonolewa na kunguru. Umri wa kustaafu kwa wengi, yeye alikuwa anafungua mlango mwingine.

Kwa hiyo ukishajua jambo moja vizuri, usiligeuze kuwa gereza. Mwalimu wa hisabati anaweza kuandika hadithi. Fundi seremala anaweza kufundisha. Mama lishe anaweza kuandika kitabu cha mapishi ya pwani ambacho wajukuu zetu watakishukuru. Nani wa kukukataza?

Heshima ilipofika

Heshima zilimjia. Mwaka 1952 aliteuliwa kuwa mjumbe wa baraza la juu la bunge la jimbo la Uttar Pradesh. Mwaka 1956 alipewa nishani ya Padma Bhushan. Mwaka 1979 akawa mwanamke wa kwanza kufanywa mwanachama wa heshima wa Sahitya Akademi, taasisi ya taifa ya fasihi. Mwaka 1982 alitunukiwa Jnanpith, tuzo inayoheshimiwa kuliko zote katika fasihi ya India, na alikuwa mwanamke wa kwanza anayeandika kwa Kihindi kuipata.

Piga hesabu. Kitabu chake cha kwanza kilitoka akiwa na miaka 23. Jnanpith ilimfikia akiwa na miaka 75. Kati ya hapo kuna zaidi ya nusu karne. Kama angengoja tuzo imwambie kwamba yeye ni mshairi, kusingekuwa na cha kutuzwa. Vitabu vingebaki kichwani, wasichana wa chuo wangekosa mkuu wao, Ghisa angezikwa bila kuandikwa, na majaji wa mwaka 1982 wangemtafuta mtu mwingine.

Sasa zamu ni yako, na sitaki uinuke hapo ulipo bila la kufanya.

Kwanza, chagua kazi moja, na uipe saa moja kila siku kwa siku 30 zijazo. Saa hiyo isiguswe. Zima simu, waambie wa nyumbani, kaa chini. Siku utakayoandika mistari mitatu mibaya ni bora kuliko siku uliyoota kitabu kizima.

Pili, ipeleke kazi yako kwa watu kabla haijakamilika unavyotaka. Isome kwa sauti kwenye baraza, itume gazetini, iweke mbele ya darasa. Wakiisifu, shukuru uendelee. Wakiipuuza, endelea.

Tatu, mchukue mtu mmoja umfundishe unachokijua. Usiseme hujafika. Mahadevi hakungoja kuwa mshindi wa Jnanpith ndipo awafundishe watoto herufi. Anayejua kusoma anamtosha asiyejua. Anayejua kushona tundu la kifungo anamtosha asiyejua kushika sindano.

Fanya hayo matatu na mwezi ujao utakuwa mtu tofauti na uliye leo, hata kama hakuna aliyegundua. Baada ya mwaka watagundua. Baada ya miaka kumi kutakuwa na kijana mahali fulani anayetaja jina lako anapoeleza alianzaje.

Usiniambie huna jina, Ghisa hakuwa nalo na alifanya darasa lake liwe safi kila mwalimu alipovuka. Usiniambie umechelewa, kitabu cha kindi na tausi kiliandikwa na mwanamke wa miaka 65. Usiniambie lugha yako ni ya mtaani, Khari Boli nayo iliambiwa hivyohivyo kabla wasichana wawili hawajapanda mti. Kiswahili kinangoja vitabu vyako, watoto wa mtaani kwenu wanangoja mwalimu wao, na wewe ndiye uliyekuwa ukingoja uitwe. Acha kungoja. Inuka, anza leo, na kesho asubuhi anza tena!